Fulana uliyovaa ni ya nani?

(Hotuba fupi niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa kata yetu Jumamosi iliyopita. Wengi mmeiomba kwenye magrupu, basi nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)



Leo siongelei katiba wala daftari la wapiga kura. Naongelea fulana. Msicheke.

Wiki tatu zilizopita tuliletewa boksi la fulana mpya kutoka kwa mtia nia mmoja. Zilikuwa 60, sisi tuko zaidi ya 100. Kabla jua halijazama tawi limegawanyika: wenye fulana mpya kivyao, wenye zile za zamani zilizopauka kivyao. Wakongwe wakawaita wenzao "wa kuja". Wapya nao wakajibu, "Nyie wa siku zote mmeshinda nini?" Na mimi ninayesema hapa nilikuwa nimevaa mpya. Tusidanganyane.

Nikakumbuka somo la Mapinduzi ya Ufaransa, lile tulilokariri kidato cha tano ili tufaulu mtihani. Kuna kipande chake kinatuhusu sana.

Aprili 1792 Ufaransa iliingia vitani na Austria. Jeshi lake lilikuwa na rangi mbili. Askari wa zamani, waliorithiwa kutoka kwa mfalme, walivaa makoti meupe. Raia waliojitolea baada ya mapinduzi walivaa makoti ya bluu ya Walinzi wa Taifa. Weupe walijua kazi, lakini walishukiwa kwamba bado ni watu wa mfalme, maana maofisa wao wengi walikuwa makabaila na maelfu walishakimbilia nje. Wa bluu walikuwa na moyo, walichagua maofisa wao wenyewe, na mshahara wao ulikuwa mkubwa kuliko wa weupe. Ila mazoezi yalikuwa haba, na mkataba wao uliwaruhusu kurudi nyumbani msimu wa vita ukiisha.

Mnaona balaa hilo? Jeshi moja, adui mmoja, lakini mshahara tofauti, sheria tofauti na nguo tofauti. Wa bluu waliwaita wenzao makalio meupe. Weupe nao wakawadharau kwamba ni watoto wa juzi. Na kutoaminiana kuliua: mwezi huohuo wa Aprili, karibu na Lille, askari walipatwa na hofu, wakapiga kelele kwamba wamesalitiwa, wakakimbia, kisha wakamuua jenerali wao wenyewe, Théobald Dillon. Adui hakuhitaji kufanya kazi kubwa.

Sasa walitokaje hapo? Wengine wanadhani walishona nguo mpya mambo yakaisha. Hapana. Februari 1793 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuwachanganya. Walichukua batalioni moja ya wakongwe na batalioni mbili za waliojitolea, wakaziunganisha kuwa kikosi kimoja kilichoitwa nusu-brigedi. Mshahara mmoja, sheria moja, koti moja la bluu kwa wote. Vyeo vikawekewa utaratibu: theluthi moja kwa ukongwe, vilivyobaki kwa kuchaguliwa. Yaani mkongwe hakutupwa, na mgeni hakufungiwa mlango.

Na haikuwa kazi ya siku moja. Kuchanganya kwenyewe kulifanyika hasa mwaka 1794, na makoti meupe yaliendelea kuonekana mpaka yalipochakaa, kwa sababu vitambaa havikutosha. Wengine walikuwa hawana hata viatu. Kwa hiyo kuna watu waliopigana bega kwa bega, mmoja mweupe, mmoja wa bluu, mmoja miguu mitupu, na bado walikuwa kikosi kimoja. Waliunganishwa na utaratibu kwanza, nguo ikafuata.

Halafu jiulizeni, nani aliwavisha? Tarehe 23 Agosti 1793 ilitoka amri ya kuwaita wananchi wote. Vijana wasiooa wa miaka 18 hadi 25 waende mbele. Wenye ndoa watengeneze silaha na kubeba chakula. Wanawake washone mahema na nguo, wahudumie hospitali. Watoto wachambue vitambaa vikuukuu vya kufungia vidonda. Hata wazee walipewa kazi ya kukaa viwanjani na kuwatia watu moyo. Tusiipambe: wengi walilazimishwa, na kule Vendée wanakijiji walishaasi mwezi Machi walipotakiwa kutoa vijana wao. Lakini koti la askari lilitoka kwa umma. Hakuna mtu mmoja aliyeweza kusema, "Mimi ndiye niliyekuvisha." Juni 1794, kule Fleurus, jeshi hilo liliwashinda Waaustria na washirika wao.

Hapo ndipo wengi wetu tulifunga daftari. Fungueni ukurasa unaofuata. Miaka ikapita, serikali ikaishiwa, askari wakasahaulika, mshahara wao ukawa karatasi zisizonunua hata mkate. Mwaka 1796, kule Italia, jenerali kijana anaitwa Bonaparte akaanza kuwalipa askari wake sarafu halisi, kutoka kwenye mali alizotwaa vitani. Unadhani walimpenda nani baada ya hapo, Bunge au yeye? Novemba 1799 askari wa jamhuri hiyohiyo waliingia ukumbini Saint-Cloud na kuwafukuza wabunge, ili yeye atawale. Koti lilikuwa lilelile la bluu. Aliyevaa ndiye aliyekuwa ameshabadilika mwenye.

Makamanda, sisi hatuna bunduki na hatuzitaki. Silaha yetu ni kura na wakala anayekaa kituoni mpaka fomu isainiwe. Ila swali la koti ni letu pia. Anayekuvisha peke yake, kesho atakudai. Siku ya kura za maoni utamwambia nini mtu ambaye jina lake liko mgongoni kwako?

Naomba tukubaliane mambo matatu leo. Kwanza, kila mwanachama achangie shilingi 500 kwa wiki, mweka hazina asome hesabu mbele ya wote, tukitosha tununue fulana zetu. Isiyo na jina la mtu. Pili, kila timu ya mawakala iwe na mkongwe mmoja na wapya wawili. Mkongwe afundishe, wapya wamuulize maswali hata yasiyompendeza. Tatu, neno "wa kuja" life leo humu ndani.

Zile fulana 60 sisemi tuzichome. Za kwetu zikipatikana, tuzirudishe kwa heshima, na tumwambie ndugu yetu kwamba kura yetu ataiomba kama wenzake.

Yangu naianza leo. Nimekuja nayo imefuliwa, ipo kwenye mfuko huu. Hii niliyovaa imepauka, mnaiona, lakini niliinunua kwa hela yangu.

Mweka hazina, hii hapa 500 yangu. Andika.