Damu Inasingiziwa

Juzi hapa Malindi nilisimama kwa muuza dawa za miti shamba. Mama mmoja alikuja na mwanawe aliyeumwa na nyuki jana yake chini ya mkorosho. Mkono umevimba kama hamri, na mtoto hajui akune wapi aache wapi. Akaambiwa: "Mpikie mwarubaini anywe, damu yake chafu." Nilinyamaza, maana ubishi wa sokoni hauna mwamuzi. Leo nina maikrofoni.

Damu ya mtoto yule inasingiziwa. Anayezua fujo ile ni seli iitwayo masti. Mjerumani Paul Ehrlich aliieleza mwaka 1878, akiwa bado mwanafunzi. Aliiona imejaa chembechembe akadhani imeshiba, akaipa jina la unono. Ndani ya chembechembe hizo mna histamini. Ikimwagika, mishipa midogo ya damu hupanuka na kuvuja, ngozi huumuka, na muwasho huanza.

Sasa, seli ya masti iliyokomaa huikuti ikizunguka kwenye damu. Huzaliwa katika uboho wa mifupa, ikapita kwenye damu ingali changa, kisha ikahamia kwenye ngozi, utumbo na njia za hewa. Huko ndiko inakokomaa na kuweka maskani. Damu kwake ni njia tu, kama dau lipitavyo mkondo wa Mida likaenda zake.

Njia inaijuaje? Huitwa. Seli za ngozi na za kuta za mishipa hutoa protini ya kuchochea ukuaji, nayo seli ya masti ina kipokezi chake juu ya utando, kiitwacho KIT. Protini inakozidi, ndiko seli inakojivuta, hatua kwa hatua. Umewahi kupita Shela usiku, ukafuata harufu ya mishkaki mpaka ukaliona jiko? Basi ni vivyo hivyo. Mwaka 1992 watafiti walichapisha ushahidi wa maabara kwamba protini hii kweli huvuta seli hizo. Na hiyo si mwitaji pekee: kichocheo kingine, TGF-beta, ambacho hutoka kwa wingi palipo na jeraha, huzivuta hata kikiwa kidogo mno.

Ila ile protini ya kwanza haiiti tu, humlisha mgeni pia. Seli ikiikosa, hufa. Mwaka 1978 Yukihiko Kitamura na wenzake huko Japani waliripoti panya wa kasoro ya urithi ambao karibu hawana masti kabisa. Baadaye ikajulikana kwamba kasoro yenyewe iko kwenye KIT. Na panya hao ni weupe, kwa sababu seli za rangi nazo hutegemea mwito huo huo.

Mwili unazipanga seli hizi mlangoni kwa nini, kama kazi yao ni kutuwasha? Mwaka 2006 utafiti wa Marekani kwa panya ulionyesha kwamba masti huwasaidia kustahimili sumu ya nyuki na ya nyoka kadhaa, kwa vimeng'enya vinavyoikatakata. Tafadhali, usiende Watamu kumchokoza bafe kwa kutegemea habari hii. Wewe si panya wa maabara, na bafe hasikilizi redio.

Wala si kila muwasho ni wa masti. Upupu, ule unaotukomesha kando ya mashamba, huwasha kwa kimeng'enya chake wenyewe, bila kuhitaji histamini. Ndiyo maana vidonge vya mzio havifui dafu kwake.

Mwarubaini sina ugomvi nao. Mti huo kwa jina lingine ni mkilifi, nami ni mtu wa huku. Lakini mafuta yake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa, na hakuna jani linaloiosha damu ambayo haikuchafuka.

Kwa hiyo, mama uliyekuwa sokoni, kama unanisikia: uvimbe wa mkono peke yake mtoto aukande kwa maji baridi. Siku akiumwa tena, akaanza kuvimba midomo, kupumua kwa shida au kuishiwa nguvu, usiweke sufuria jikoni. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, na useme mlangoni kwamba ameumwa na nyuki. Dawa ya kwanza hapo ni sindano ya adrenalini, kwenye paja.