Jembe si Adhabu



Katika sala aliyotufundisha Bwana wetu, kila siku twaomba chakula. Leo tutafakari pamoja: je, watoto wetu wanajua chakula hicho wanachokiomba hutoka wapi?

Jumamosi moja tuliwauliza watoto wa mafundisho, katika kigango kimoja cha pembezoni mwa Temeke, "Wali hutoka wapi?" Wakajibu kwa sauti moja, "Dukani!" Tulicheka, lakini kicheko kile kilitusuta. Mpunga wa Kyela au wa Kilombero hukaa shambani miezi 4 au zaidi, ukipaliliwa na kulindwa dhidi ya ndege. Nasi tumewaonyesha watoto mizani ya muuza duka tu.

Juma lililofuata tuliwapeleka bondeni, penye matuta ya mchicha. Walijifunza kwamba mchicha huweza kuchumwa baada ya wiki 3 au 4, lakini muhogo humngojesha mkulima miezi 9, hata mwaka mzima. Walimwagilia maji, kila mmoja akiwania zamu yake. Mtoto mmoja tu alisimama mbali, amegeuza uso. Mwenzake akatunong'oneza: mwanamke yule aliyeinama tutani alikuwa mama yake mzazi.

Ni nani aliyemfundisha mtoto yule kuona haya? Hatuna budi kukiri kwamba ni sisi. Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka kila shule iwe pia shamba, ili kazi na masomo viende pamoja. Lakini katika shule tulizosoma wengi wetu, jembe liligeuka kuwa adhabu: aliyechelewa alilimishwa, mpiga kelele alilimishwa. Na nyumbani twamtisha mtoto, "Usiposoma utaishia kulima!" Kisha twaketi mezani, twala jasho la yule tunayemdharau, na kumshukuru Mungu.

Mama yule hakumkaripia mwanawe. Alimwita kwa upole, "Njoo, baba, uwaonyeshe wenzako namna ya kunyunyiza maji bila kung'oa miche." Mtoto akasita, kisha akaja. Alilishika kopo kwa ustadi ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nao, na wenzake wakamzunguka ili wajifunze.

Katika Injili ya Marko, sura ya 4, Bwana wetu asimulia habari za mtu apandaye mbegu, akalala na kuamka, nayo ikamea asijue jinsi gani. Kristo hakuona haya kuutafuta shambani mfano wa Ufalme wa Mungu. Sisi twaona haya kwa sababu gani?

Ndugu wazazi na walimu, kuanzia Bunju hadi Mbagala nyumba zazidi kuyameza mashamba. Tuwapeleke watoto wakaone mbegu ikichipua, wakamsalimu mkulima kwa heshima, "Shikamoo, mama." Asiye na shamba ajaze udongo katika debe bovu, apande mchicha pamoja na wanawe. Na jembe tuliondoe katika orodha ya adhabu zetu.

Mungu abariki mikono yote inayotulisha, na atusamehe tulioionea haya. Amina.