Reli Moja, Treni Mbili: Nani Ampishe Nani?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa jijini Dar es Salaam mbele ya mkutano wa watumishi wa serikali na walimu.)



Wazee wetu walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Usemi huo ni wa kweli kwa fahali. Lakini reli ni zizi la namna yake: ni ghali mno kujengwa, na kwa hiyo hakuna taifa linaloweza kumjengea kila fahali zizi lake. Haina budi wakae pamoja. Swali nililoombwa kulizungumzia leo ni hili: treni ya abiria wa masafa marefu na treni ya wafanyakazi waendao kazini na kurudi zinapokutana juu ya njia moja, nani ampishe nani, na nani mwenye mamlaka ya kuamua?

Huenda baadhi yenu mnadhani hilo ni jambo la mainjinia na mastesheni masta. Sivyo. Mwalimu anayechelewa kipindi cha kwanza kwa sababu treni yake imesimamishwa njia ya pembeni kuipisha treni nyingine, amefikiwa na uamuzi wa mtu fulani. Hakuupigia kura uamuzi huo, hakuuona umeandikwa popote, na hajui amwulize nani. Jambo lolote linalomgusa mwananchi kwa namna hiyo ni la siasa, kwa maana halisi ya neno hilo.

Kwanza tuelewe kwa nini ugomvi huu hauepukiki. Walimu wa hesabu waliopo hapa watanisahihisha nikikosea. Tuchukue kipande cha njia chenye urefu wa kilomita 60, kisicho na mahali pa kupishania, na treni zote zielekee upande mmoja. Treni ya masafa marefu inakwenda kilomita 120 kwa saa bila kusimama. Itakimaliza kipande hicho kwa dakika 30. Treni ya wafanyakazi inasimama kila kituo. Itatumia dakika 60. Kwa ajili ya usalama, kila treni haina budi kuwa nyuma ya mwenzake kwa dakika 5 zisizopungua.

Kama treni zote zingekuwa za namna moja, ziwe za mbio au za polepole, tungeweza kupitisha treni 12 kwa saa. Sasa tuzichanganye, moja kwa moja. Treni ya wafanyakazi imeondoka saa 12 kamili asubuhi. Itafika saa 1. Treni ya mbio haiwezi kufika kabla ya saa 1 na dakika 5, kwa hiyo haiwezi kuondoka kabla ya saa 12 na dakika 35. Treni ya wafanyakazi ya pili itaifuata saa 12 na dakika 40. Treni mbili zimekula dakika 40. Kwa saa moja tumepitisha treni 3 badala ya 12, na hapana aliyekosea, hapana aliyezembea, hapana injini iliyoharibika. Ni tofauti ya mwendo tu iliyoimeza njia.

Dawa ya tatizo hilo ni njia za kupishania, ili treni moja ikae pembeni na nyingine ipite. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, maana lazima awepo mmoja atakayekaa pembeni.

Ndugu zangu, mahali ambapo ugomvi huu umekomaa kuliko kwingi duniani ni pwani ya mashariki ya Marekani, katika njia iendayo kutoka Washington kupitia Philadelphia na New York hadi Boston. Urefu wake ni takriban kilomita 735. Kabla ya janga la korona njia hiyo ilikuwa ikichukua takriban safari 800,000 kila siku ya kazi. Wengi wa abiria hao hawakuwa wasafiri wa mbali, bali makarani, wauguzi, walimu na mafundi waliokwenda kazini asubuhi na kurudi nyumbani jioni.

Tumezoea, tunaposikia ugomvi wa Marekani, kusema kwamba ni mabepari wanagombea faida. Safari hii tusiwe wepesi. Ni kweli kwamba mwanzo wa mambo ulikuwa wa kibepari: kampuni binafsi ya Pennsylvania Railroad ndiyo iliyochimba mahandaki mawili chini ya mto Hudson, yakafunguliwa mwaka 1910, na ndiyo iliyotandaza nyaya nyingi za umeme wa treni katika miaka ya 1930. Mwaka 1968 kampuni hiyo iliungana na mshindani wake ikawa Penn Central, na mwaka 1970 ikafilisika. Mabepari walipoona hakuna faida katika kubeba watu, walikimbia. Serikali ikaokota mzigo. Shirika la Amtrak lilianza kuendesha treni za masafa marefu mwaka 1971, na mwaka 1976 likakabidhiwa sehemu kubwa ya njia hiyo. Treni za wafanyakazi nazo zikaangukia mikononi mwa majimbo. Kwa mfano, mwaka 1983 shirika la umma la jimbo la New Jersey lilianza kuziendesha lenyewe.

Kwa hiyo wanaogombana ni mashirika mawili ya umma, yote yakilipiwa kodi na wananchi wale wale. Hili ni somo zito kwetu sisi tunaoamini umilikaji wa umma. Kutaifisha reli ni hatua ya lazima, lakini peke yake hakumalizi swali la nani ampishe nani. Mali inaweza kuwa ya wote, na bado mmoja akajifanya mwenye nyumba na mwingine akafanywa mpangaji.

Tena umwenye-nyumba huo hugeuka. Huko New Jersey, Amtrak ndiye mwenye njia na ndiye aongozaye treni. Shirika la jimbo ni mpangaji. Lakini kati ya New Rochelle na New Haven, kipande cha takriban kilomita 90, njia ni ya majimbo ya New York na Connecticut, na waongozaji ni watu wa Metro-North, shirika la treni za wafanyakazi. Hapo Amtrak naye huwa mpangaji, na treni yake ya mbio huomba njia kama mgeni. Ukimsikiliza mtu wa Amtrak akilalamika huko Connecticut, utadhani unamsikiliza mtu wa New Jersey akilalamika juu ya Amtrak.

Je, sheria inasemaje? Tangu mwaka 1973 sheria ya Marekani imeipa treni ya abiria ya Amtrak haki ya kutangulia mbele ya treni ya mizigo. Hilo linaeleweka: mtu kwanza, gunia baadaye. Lakini haki hiyo ni dhidi ya mizigo; haimpi abiria wa masafa marefu haki mbele ya abiria wa treni ya wafanyakazi. Kati ya mtu na mtu sheria imewaachia wakubwa wa mashirika wapatane.

Na mara nyingi hawakupatana. Mwaka 2015 ilikubaliwa kanuni ya kugawana gharama, kwamba kila shirika lilipe kwa kadiri linavyoitumia njia. Mwaka uliofuata mamlaka ya usafiri ya Boston ilikwenda mahakamani, ikisema kwamba njia ya Massachusetts ni mali ya jimbo tangu 1973, vipi basi jimbo lidaiwe kwa kutumia mali yake lenyewe? Mwaka 2017, baada ya treni mbili kuacha reli ndani ya stesheni kuu ya New York katika muda wa majuma mawili, Gavana wa New Jersey, Chris Christie, aliagiza malipo kwa Amtrak yasimamishwe. Na mwaka 2024, nyaya za umeme zilipokatika tena na tena, mpangaji alisema nyaya za mwenye nyumba zimezeeka, na mwenye nyumba akatazama mikono ya kupokelea umeme iliyo juu ya paa za treni za mpangaji, akisema huenda ndiyo inayozichana. Mwishowe walikaa pamoja, wakakubaliana kukagua yote mawili. Lakini wiki hizo zote abiria alikuwa amesimama jukwaani, jasho likimtiririka, akisoma tangazo la kuchelewa. Yeye hakuwa na haja ya kujua kama kosa ni la waya au la paa.

Ndugu Mwenyekiti, kuna tarehe moja inayotuunganisha na watu hao bila sisi wala wao kukusudia. Usiku wa tarehe 29 Oktoba, 2012, dhoruba iliyoitwa Sandy iliyajaza maji ya chumvi mahandaki ya New York, na chumvi hiyo imeendelea kuyala tangu hapo. Mwaka 2025 Amtrak ilipofunga mojawapo ya njia nne za chini ya mto wa mashariki ili kuitengeneza, wakubwa wa treni za wafanyakazi walitaka kazi hiyo ifanywe usiku na mwisho wa juma, Amtrak ikakataa. Basi siku ile ile ya 29 Oktoba, 2012, hapa Dar es Salaam, zilianza treni za mjini: moja katika Reli ya Kati, kutoka Ubungo hadi Stesheni, na nyingine katika njia ya TAZARA.

Wananchi walizipokea treni zile kwa furaha, wakazipa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Ndugu Harrison Mwakyembe. Lakini hazikujengewa njia mpya. Treni ya Ubungo ilipita juu ya mataruma yale yale yabebayo abiria wa Tabora, Kigoma na Mwanza. Treni ya TAZARA ilipita juu ya reli ile ile iendayo Zambia. Wala zisingeweza kusaidiana, kwa kuwa Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA milimita 1,067. Kila moja ilibaki na zizi lake na fahali wake.

Sasa tunayo reli ya tatu, ya upana wa milimita 1,435, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Njia kuu yake ni moja, yenye sehemu za kupishania. Leo tunaisifu kwa mbio zake, na sifa hizo ni haki yake. Lakini watu wa Pugu, Soga na Ruvu wanaiona ikipita. Mji unapanuka kuelekea kwao. Haitapita miaka mingi kabla hawajadai treni ya kuwapeleka kazini asubuhi. Siku hiyo ile hesabu ya treni 12 na treni 3 itatoka ubaoni na kuingia stesheni. Ni afadhali tuijibu sasa, kabla ya ugomvi.

Mimi napendekeza mambo manne.

La kwanza, kanuni ya kupishana iandikwe na itangazwe kwa wananchi, ibandikwe stesheni pamoja na ratiba. Kanuni iliyofichwa katika droo ni upendeleo uliovaa suti.

La pili, saa ziamue, si cheo cha treni. Kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na tena jioni watu wanapotoka kazini, treni ya wafanyakazi itangulie karibu na mji. Saa nyingine zote treni ya masafa marefu itangulie. Wapo watakaosema treni ya wafanyakazi itangulie daima kwa kuwa ina watu wengi. Sikubaliani nao. Mama aliyekaa behewani tangu Kigoma na mtoto mgongoni ni mwananchi kama karani wa Ubungo, naye hana treni nyingine ya kupanda baada ya nusu saa. Ratiba itengenezwe ili treni yake isiingie mjini katikati ya msongamano. Lakini ikiwa imekuja kwa wakati wake, isiadhibiwe kwa kuchelewa kwa mwingine.

La tatu, anayeongoza treni asiwe mwamuzi wa kesi yake mwenyewe. Sisi tumekwisha kuonja hasara ya kugawa mambo: tangu mwaka 2007 mwenye njia alikuwa mmoja na mwenye treni mwingine, mpaka sheria ya mwaka 2017 ilipowaunganisha katika Shirika la Reli Tanzania. Kuungana kulikuwa kwema. Lakini hata ndani ya shirika moja zitakuwamo idara mbili, na malalamiko ya abiria yapelekwe kwa chombo kisicho idara yoyote kati ya hizo.

La nne, dakika zihesabiwe kwa watu. Treni ya watu 800 ikisimama dakika 10, taifa limepoteza dakika 8,000. Mkuu wa treni aandike hesabu hiyo kila mwezi na aitangaze. Atakayeona aibu ya hesabu hiyo ndiye atakayedai njia ya pili ijengwe. Nayo, hatimaye, ndiyo dawa ya kweli.

Ndugu zangu, reli haina haya wala huruma. Hubeba kilichowekwa juu yake. Haya na huruma ni sharti viwe katika mtu anayeshika ishara. Akiinua mkono kuisimamisha treni moja ili nyingine ipite, ajue amewasimamisha watu, na awe tayari kuwaambia kwa nini.