Soksi Inayokaa Mguuni Huanzia Daftarini

Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo wa Chitete, Wilaya ya Momba

 

Leo tunazungumza juu ya soksi. Msicheke. Soksi ni kitu kidogo, lakini ndani yake mna kusoma, kuandika na hesabu. Na hayo ndiyo tuliyohangaikia darasani jioni baada ya kutoka shambani.

Mwaka 1986 nchi yetu ilihesabu kwamba kati ya watu wazima 100, karibu 10 tu ndio hawakujua kusoma na kuandika. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta wasiojua ni karibu 22 kati ya 100. Sababu ni nyingi, na moja tunaiona kwa macho yetu: mtu anapata cheti, anakiweka sandukuni, na kalamu haigusi tena. Jembe lisilolima hushika kutu. Elimu nayo ni hivyo hivyo. Basi tutafute kazi ambayo bila daftari haifanyiki vizuri.

Mtauliza: kwa nini tufume soksi, na pale Tunduma sokoni zimejaa? Ni kweli zimejaa. Lakini soksi ya sokoni haikumpima mtu. Ikibana, inaacha alama mguuni na kuzuia damu, na mwenye ugonjwa wa kisukari ndiye anayeumia zaidi. Ikipwaya, inajikunja ndani ya kiatu na kutoa malengelenge. Soksi ya kufuma kwa mkono hupimwa kwa mguu wa mwenyewe, na ikitoboka hutengenezwa. Na wenye kuihitaji wapo: mtoto anayekwenda shule asubuhi za Juni na Julai, na dereva wa lori anayelala foleni mpakani.

Wala kazi hii si ngeni Afrika. Huko Misri zilichimbuliwa soksi za sufu zilizotengenezwa kwa mkono kati ya mwaka 250 na 420. Kidole gumba kimetengwa na vingine ili mtu avae na ndara. Leo zinatunzwa katika makumbusho ya Victoria and Albert, London.

Haya, tuanze kazi.

VIFAA. Nyuzi za kufumia sweta, zile nyembamba. Sindano tano zenye ncha pande zote mbili. Huna? Nenda kwa fundi baiskeli, omba spoki tano za gurudumu bovu. Kata kichwa kilichopinda na sehemu yenye meno, noa ncha kwenye jiwe mpaka ziwe laini zisikwaruze uzi. Chukua pia kamba, rula, daftari na kalamu.

KUPIMA. Pima jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo baada ya kazi ya mchana. Mtu asimame. Zungusha kamba mahali papana, nyuma kidogo ya vidole, kisha ilaze kamba kwenye rula. Huo ndio mzingo. Halafu pima urefu kutoka kisigino hadi kidole kirefu. Andika papo hapo. Usiseme utakumbuka.

SAMPULI. Wengi huiruka hatua hii, na hapo ndipo soksi huharibika. Anzisha vitanzi 30, fuma kitambaa kidogo cha sentimita 10. Kilaze bila kukivuta. Hesabu vitanzi vilivyo katika sentimita 5 za katikati. Tuseme ni 15. Basi sentimita 1 ina vitanzi 3. Mwenzako mwenye mkono mlegevu atapata pungufu, nawe mwenye mkono wa kukaza utapata zaidi. Ndiyo maana hesabu ya jirani haikufai.

HESABU. Tuseme mzingo ni sentimita 24. Soksi lazima ivutike kidogo ili ishike mguu, hivyo toa sehemu moja ya kumi: 24 toa 2.4, zabaki 21.6. Zidisha kwa 3, unapata 64.8. Chukua 64, maana inagawanyika kwa 4.

SHINGO. Anzisha vitanzi 64 kwa mkono mlegevu, la sivyo soksi haitapita kisiginoni. Weka vitanzi 16 kwenye kila sindano kati ya nne. Ya tano ni ya kufumia. Unganisha duara, ukiangalia vitanzi visijisokote. Fuma viwili vya kawaida, viwili vya kinyume, mpaka sentimita 5. Ndiyo sehemu inayovutika kama mpira. Kisha fuma kawaida tu mpaka shingo yote ifike sentimita 15.

KISIGINO. Hapa pana kazi, twende polepole. Mwenda pole hajikwai. Chukua nusu ya vitanzi, yaani 32, vingine 32 vipumzike. Fuma hivyo 32 kwenda na kurudi, safu 32. Kila mwanzo wa safu, hamisha kitanzi cha kwanza bila kukifuma.

Sasa kata kona. Nusu ya 32 ni 16, ongeza 1, ni 17. Fuma 17, unganisha viwili kuwa kimoja, fuma kimoja, kisha geuza, ingawa 12 vimebaki. Usiogope. Hamisha kimoja, fuma kinyume 3, unganisha viwili, fuma kimoja, geuza. Upande huu pia vimebaki 12. Hamisha kimoja, fuma 4, unganisha viwili vilivyo pande mbili za pengo, fuma kimoja, geuza. Safu inayofuata fuma 5, halafu 6, na kuendelea mpaka vya pembeni viishe. Vitabaki 18, na utaona kikombe cha kisigino kimejitengeneza.

WAYO. Okota vitanzi 16 kila ubavu wa kisigino. Jumlisha: 18 na 16 na 16 ni 50. Ongeza 32 vilivyopumzika, ni 82. Rudia kufuma duara. Kila mzunguko wa pili punguza kimoja kila ubavu, pale vilivyookotwa vinapokutana na vya juu ya mguu. Fanya mara 9, na utarudi kwenye 64.

NCHA. Mguu ukiwa sentimita 25, soksi iwe 24. Kwa nyuzi zetu, safu 4 ni sentimita 1, na ncha ina mizunguko 20, yaani sentimita 5. Basi ianze soksi ikifika sentimita 19 kutoka kisigino. Punguza vitanzi 4, viwili kila upande, ukiacha mzunguko mmoja katikati. Fanya mara 8, vibaki 32. Kisha punguza 4 kila mzunguko mara 4, vibaki 16. Shona 8 na 8 vilivyotazamana. Usifunge fundo mahali hapo, litamuumiza mvaaji.

Ndugu, baada ya soksi ya pili, fungueni ukurasa wa kila mteja: jina, mzingo, urefu, idadi ya vitanzi, bei ya nyuzi na siku mlizofanya kazi. Akirudi mwakani hamtampima upya, labda awe mtoto anayekua. Na atakayewauliza bei mtamjibu kwa hesabu, si kwa kubahatisha. Mfumaji asiyeandika huuza kwa hasara na wala hajui.

ZOEZI. Mtoto ana mzingo wa sentimita 18. Mkono wako unatoa vitanzi 3 kwa sentimita. Utaanzisha vitanzi vingapi, na kisigino kitachukua vingapi? Fanyeni kwanza, ndipo msome jibu.

JIBU. 18 toa 1.8 ni 16.2. Mara 3 ni 48.6. Anzisha 48. Kisigino ni 24.

Aliyepata, amsaidie jirani ambaye hakupata.