Mwezi wa Punje Mia

Ndugu wapenzi, ninyi mlio hapa Luena, na ninyi mlio vijijini kandokando ya reli kuelekea Bukama na Kamina, na hasa ninyi mliobatizwa Pasaka iliyopita, karibuni tuketi pamoja. Juma lililopita tuliwaeleza amri ya Kanisa juu ya kufunga. Tulisema kwamba mkristu aliyetimiza miaka 18, mpaka aanzapo mwaka wake wa 60, hufunga siku ya Jumatano ya Majivu na siku ya Ijumaa Kuu; na kwamba aliyetimiza miaka 14 hujinyima nyama siku zilizoamriwa. Baada ya somo lile wazee wawili walitujia, wakatuambia kwa upole: “Walimu, nyama sisi twaiona Noeli na Pasaka tu. Tutajinyima kitu gani ambacho hatukunyimwa tayari?”

Hatukuwa na jibu la haraka. Lakini swali lao lilitukumbusha jambo tulilolijaribu sisi wenyewe katika Kwaresima ya mwaka uliopita, nyumba tano za makatekista pamoja na wake zetu na watoto wetu. Kwa muda wa siku 30 tulikata shauri kutumia fedha kidogo kadiri iwezekanavyo. Leo twawasimulia yaliyotupata, mema na mabaya, wala hatutaficha aibu yetu.

Yafaa kwanza tukumbuke mji wetu ni mji wa namna gani. Luena ilizaliwa na reli na makaa ya mawe. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na katika miaka ya 1920 makaa ya mawe ya hapa yakaanza kuchimbwa. Katika kambi za kazi za Katanga wazee wetu walizoea posho: unga, samaki, mafuta na chumvi vilipimwa siku maalum, na mtu hakujiuliza sana kesho atakula nini. Siku zile zimepita. Sasa wengi wetu twalima mihogo na mahindi, twachoma makala, twauza hiki na kile gari la moshi lisimamapo. Na wachache wenye mshahara waweza kuungoja miezi mingi. Desturi ya kungoja posho, lakini, haikuondoka pamoja na posho yenyewe.

Tena kuna sababu nyingine iliyowafanya watu wetu wasipende kuweka akiba. Mnamo Desemba 1979 Serikali ilibatilisha noti za zaire tano na za zaire kumi, na watu wengi wa vijijini, walio mbali na benki, walibaki na makaratasi mikononi. Na katika mwaka 1994 bei zilipanda hata fedha iliyopokewa asubuhi ilikuwa imepungua nguvu jioni. Mtu aliyeyaona hayo asema, “Kula leo, maana fedha haina uaminifu.” Hatumlaumu. Katika miaka ile aliyenunua gunia la chumvi alikuwa na akili kuliko aliyejaza mkebe noti. Lakini mwanawe aliyeirithi kauli hiyo hanunui gunia la chumvi, hununua pombe.

Basi, kwa kuwa si wote katika nyumba zetu wajuao kuandika hesabu, tulifanya hivi. Kila nyumba iliweka kikapu chenye punje mia za mahindi. Punje zote mia zilikuwa fedha yote ya mwezi ya nyumba ile, ikiwa kubwa au ndogo. Kila mara fedha ilipotoka, punje ziliondolewa kikapuni kwa kipimo chake, na aliyeziondoa alisema mbele ya wengine zimekwenda wapi. Hata baba alisema. Hapo ndipo ilipokuwa taabu ya kwanza.

Juma la kwanza lilitufundisha kuliko vitabu. Tulidhani fedha zetu huliwa na mambo makubwa: ada ya shule, nguo, safari. Sivyo. Zilitoka punje moja moja, nusu nusu: vitumbua vya asubuhi, sukari, fedha ya kutia katika simu, glasi moja ya lutuku “kwa ajili ya rafiki”. Mmoja wetu aliona kwamba punje tisa zilikwenda katika vinywaji ambavyo angeapa kuwa havikufika viwili. Mkewe hakusema neno. Alikitikisa kikapu tu, sauti ikasikika.

Tuligundua tena jambo ambalo maskini wote hulipata bila kulitambua: mwenye fedha kidogo hulipa bei kubwa kupita wote. Anunuaye mafuta ya mawese katika kifuko kidogo kila jioni, na chumvi kwa kijiko, na makala kwa fungu, amalizapo mwezi amelipa zaidi ya yule aliyenunua bidoni zima na gunia zima. Wa pili si mwerevu zaidi. Alikuwa na fedha ya kutosha siku moja tu, siku ya kununua. Basi nyumba zetu tano zikachanga. Tulinunua bidoni moja la mafuta la lita 20, na chumvi, na gunia la makala, tukagawana kwa kipimo kimoja mbele ya wote. Samaki wa kukaushwa tuliwaagiza Bukama, ambako hufika kutoka maziwa ya Upemba na Kisale. Kugawana kulileta maneno kidogo, kama mnavyoweza kufikiri, hata mama mmoja akaleta kikombe chake na kusema kitakuwa mfalme wa vikombe vyote. Tangu hapo tulitumia kikombe kile.

Jikoni akina mama walitushinda kabisa. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi. Sufuria iliyofunikwa hula makala machache. Sombe, matembele na lengalenga vilitoka shambani bila kugusa punje hata moja. Kwaresima kwetu huangukia mwisho wa mvua, mahindi mabichi yameanza kukomaa, na uyoga haujaisha. Tulikula bukari na mboga, tukashiba, tukaanza kujisifu.

Hapa twataka kuonya juu ya jambo moja. Mtu mmoja alisikia tunavyopunguza matumizi, naye akataka kupunguza siku za kuloweka mihogo michungu, kutoka siku tatu hadi moja, ili auze unga mapema. Ndugu, msithubutu! Mihogo michungu ina sumu, na maji ya siku nyingi huiondoa. Wasioiloweka vizuri, hasa wakati wa njaa wasipopata chakula kingine, hupatwa na ugonjwa uitwao konzo, ambao huifunga miguu ghafla, na miguu hairudi kuwa kama zamani. Ulielezwa na mganga katika nchi yetu hii mwaka 1938, upande wa Kwango, na jina lenyewe latoka katika lugha ya huko. Siku tatu majini hazigharimu kitu.

Sasa tufike kwenye aibu yetu.

Katika juma la pili nyumba moja ilikuwa mbele ya zote. Kikapu chake kilikuwa na punje nyingi hata tukamsifu baba wa nyumba ile hadharani. Jioni moja mmoja wetu alipita pale bila taarifa, akamkuta mama ameketi nyuma ya jiko, akikwangua ukoko wa sufuria. Alikuwa ananyonyesha mtoto wa miezi minne.

“Mama, umekula?” akamwuliza.

“Nimekula, mwalimu. Baba na watoto wameshiba.”

Hakuulizwa habari ya baba na watoto. Ndipo tulipojua kwamba akiba ile tuliyoisifu ilitoka katika mwili wa mama na maziwa ya mtoto. Mumewe hakumwamuru, alikuwa haoni tu, kwa kuwa sahani yake ilikuwa imejaa kila siku. Kanisa haliwadai wagonjwa kufunga, wala wajawazito, wala wanaonyonyesha. Sisi, bila kukusudia, tulikuwa tumetunga sheria kali kuliko ya Kanisa na kumtwika yule asiyeitunga. Tangu jioni ile tulibadili kanuni: mama hupakuliwa kwanza, mbele ya macho ya baba.

Jambo la pili lilitokea katika nyumba ya mmoja wetu anayesema nanyi sasa. Mtoto wetu alishikwa na homa usiku. Kumpeleka kupimwa asubuhi kungegharimu punje mbili. Tuliviangalia vile vikapu, tukafikiri kikapu chetu kitakuwa cha mwisho, tukasema, “Tungoje kesho, labda ni mafua.” Siku ya pili tukangoja. Siku ya tatu mtoto hakuweza kusimama, akawa anatapika kila kitu. Tukambeba mgongoni tukikimbia. Ilikuwa malaria. Mungu alitusaidia, mtoto akapona, lakini alilazwa, na matibabu yakala punje zote zilizobaki. Wakati mwingine twamwangalia akicheza mpira, twanyamaza.

Twawaambia hayo kwa sababu kuna sauti mbili ndani ya mtu ambazo husema maneno yale yale. Uwekevu husema, “Usitoe.” Ubahili nao husema, “Usitoe.” Twazitofautishaje? Sisi tulijifunza kumtazama anayelipa. Baba akijinyima lutuku, baba ndiye anayelipa. Baba akijivunia kikapu huku mtoto ana homa, anayelipa ni mtoto.

Katika juma la tatu alishuka mgeni kutoka gari la moshi, mjomba wa mmoja wetu, aliyekusudia kulala usiku mmoja na kuendelea. Gari la pili halikuja siku nane. Tukafanya baraza: je, mgeni amo katika hesabu? Mmoja, ambaye hatumtaji ila anacheka hapa karibu na mashine, alisema mgeni ale uji tu maana ni Kwaresima. Wake zetu wakakataa kwa sauti moja. Mgeni alikula kama wageni walavyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naye, mzee mwenye adabu, hakungoja kupewa. Siku ya tatu alilichukua mwenyewe, akapalilia shamba la mihogo la nyumba mbili.

Siku ya 30 tulihesabu. Nyumba ya kwanza ilibakiwa na punje 23, ya pili 31, ya tatu 9, ya nne 17. Ya tano, ile ya homa, hakuna.

Ndipo likaja swali la fedha hizo zitumike wapi. Katika karne ya pili, pale Roma, mkristu aitwaye Herma aliandika kitabu kiitwacho Mchungaji. Humo afundisha kwamba siku ya kufunga mtu ale mkate na maji tu, kisha akadirie gharama ya chakula ambacho angekula, na gharama hiyo ampe mjane, au yatima, au mhitaji. Fundisho hilo tulilipenda. Lakini nyumba ya pili, yenye punje 31, ilikuwa na deni. Walikuwa wamekopa kwa mtu mmoja kwa sharti linalojulikana sana mijini kwetu: chukua kumi, rudisha kumi na tano mwisho wa mwezi. Asiyeweza kurudisha, ile kumi na tano huzaa tena. Hesabuni wenyewe: mwezi wa pili ni ishirini na mbili na nusu, mwezi wa tatu yakaribia thelathini na nne. Kumi imekuwa zaidi ya mara tatu, kabla mahindi hayajavunwa.

Swali: Mwenye deni atoe sadaka kwanza, au alipe deni kwanza?

Jibu: Alipe deni kwanza, kwa maana deni ni haki ya mwingine, na sadaka hutolewa katika kilicho chetu.

Swali: Je, akopeshaye kwa faida kama hiyo hana hatia?

Jibu: Anayo. Kumkamua mtu kwa sababu ya njaa yake ni kuivunja amri ya saba, hata kama mkopaji alikubali na kutia alama ya kidole.

Mama wa nyumba ile hakuridhika na jibu la kwanza. Alituuliza: “Na yule mjane wa Injili, aliyetia sarafu zake mbili katika sanduku la hekalu? Yeye hakuwa na madeni?” Twakiri kwamba tulitazamana. Injili haisemi kama alikuwa na deni. Tulimjibu tu kwamba mjane alitoa kilicho chake mwenyewe, na hakumwacha mwingine aumie kwa ajili ya sadaka yake. Basi punje zote 31 zililipa deni, likaisha siku ile ile, na karatasi ikachanwa mbele ya mashahidi wawili. Mama yule, kwa kuwa hakutaka kwenda kanisani mikono mitupu, alikwenda siku tatu kumtwangia sombe mjane mzee jirani yake asiyeweza tena kuinua mchi.

Nyumba nyingine tatu zilitoa fungu kwa ajili ya mjane huyo na wajukuu wake, na fungu zikaliweka kwa bidoni la mwezi uliofuata. Na jioni ya Jumamosi kuu, kabla ya kesha, tulikuta kikapu chetu, kile kitupu, mbele ya mlango. Ndani yake mlikuwa na punje 12. Hakuna aliyekubali kwamba ndiye aliyeziweka, na mpaka leo hatujui ni nani.

Wale wazee wawili walioleta swali wametuomba kikombe cha kupimia. Mwenye kukitaka aje kwa katekista wake baada ya Misa, na aje na jirani wanne, kwa maana mtu mmoja hawezi kununua bidoni. Juma lijalo tutaeleza Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa.