Kiti cha Mwami na Mji wa Muha: Familia kama Msingi wa Uongozi katika Buha



Maandishi mengi ya zamani kuhusu Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, huanza na mwami, yaani mtawala, ng'ombe wake na watware wake, yaani machifu wadogo. Familia huachiwa sura ya mwisho, pamoja na ngoma na matambiko. Naona mpangilio huo umegeuzwa kichwa chini. Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, kiti cha mwami kiliiegemea familia kuliko familia ilivyokiegemea kiti. Ushahidi wa kwanza ni mteko, msimamizi wa ardhi. Falme za Heru ya Kasulu, Muhambwe ya Kibondo na Buyungu, ambayo leo ni Kakonko, zilitawaliwa na nasaba za Kitutsi, lakini watawala hao waliikuta ardhi ina wenyewe. Mteko, aliyerithi wadhifa wake ndani ya ukoo wa Kiha, ndiye aliyemwonyesha mgeni pa kujenga na pa kulima, akaamua ugomvi wa mipaka na kuitambikia nchi. Mwami alimiliki ng'ombe na kudai utii. Kibali cha kuishi juu ya udongo kilitoka kwa mteko na ukoo wake.

Ushahidi wa pili uko katika ng'ombe wenyewe. Kwa ubugabire, mwenye mifugo alimpa mtu ng'ombe, na aliyepewa akawiwa utumishi na heshima. Kwa nkwano, yaani mahari, upande wa mume ulitoa ng'ombe, mbuzi au majembe, na koo mbili zikawa na haki na wajibu baina yao. Mifumo yote miwili ilijengwa juu ya kitu kinachotolewa ili uhusiano udumu, na katika yote miwili uhusiano ukivunjika kilichotolewa kiliweza kudaiwa. Tofauti ni kwamba ubugabire uliwafunga watu wawili wasiolingana, ilhali ndoa ilizaa watoto, na watoto ndio walioendeleza ukoo.

Atatokea wa kupinga: je, ubugabire haukuwa mkono wa mtawala ndani ya kila mji, yaani kaya, na familia chombo chake tu? Unyonge wa aliyepewa ng'ombe ulikuwa wa kweli, wala sitaupamba. Lakini tuone kilichobaki msingi wa ubugabire ulipobadilika. Chini ya Waingereza, wanaume wa Buha walikwenda kwa wingi kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Mshahara ulimwezesha kijana kutafuta mahari bila kumpigia magoti mwenye ng'ombe. Ubugabire ukapungua nguvu. Nkwano ikabaki, sasa ikilipwa pia kwa fedha. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu, na mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikaihamisha miji iliyotawanyika na kuiweka vijijini. Leo Muhambwe na Buyungu ni majina ya majimbo ya uchaguzi, ilhali posa bado hujadiliwa na wazee wa pande mbili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: familia ninayoisifu ilimweka mwanamke chini. Wengine watajibu kwa kumtaja Mwami Theresa Ntare, aliyeshika kiti cha Heru mwaka 1946. Jibu hilo halitoshi. Mwami Theresa anathibitisha kwamba damu ya nasaba ya kifalme iliweza kuushinda mpaka wa jinsia. Hathibitishi kwamba mke wa mkulima alirithi shamba. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, lilimpa binti fungu dogo kuliko yote na kumwacha mjane akitegemea watoto wake. Kwa hiyo pingamizi hili halivunji hoja yangu, bali linaonyesha uzito wake: kama mamlaka yalikaa ndani ya familia, basi dhuluma nayo ilikaa humo, na kukifuta kiti hakukuigusa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa sababu mahari hayakutolewa. Ni kanuni nzuri, lakini inahusu uhalali wa ndoa tu. Haisemi nani atalima shamba mume akifa. Atakayetaka kubadili hali ya mwanamke wa Kasulu au Kibondo aanzie kwenye urithi wa ardhi, na awaweke mezani wazee wa koo wanaoigawa. Uongozi wa Buha ulikuwa pale tangu zamani, na haki inapaswa kudaiwa palepale.