Kabla ya Kupanda Ndege, Andika Unachokwenda Kufuata

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Tetu, Nyeri)

 

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya kijana anayekwenda kusoma ng'ambo kwa muhula mmoja. Mtasema hilo ni jambo la matajiri. Hapana. Siku hizi vijana wa vyuo vya huku kwetu, Nyeri, Karatina, Chuka hata Meru, wengine hupata nafasi hiyo. Hata ada ikilipwa na wafadhili, bado kuna nauli, viza na bima. Hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwa harambee. Basi jambo hili ni letu.

Na tuanze na kosa letu wenyewe. Kikundi chetu kilimchangia kijana mmoja. Akina mama walitoa pesa za maziwa, na wengine wakauza mbuzi. Siku ya kumuaga tulipika, tukaomba, tukaimba. Kila mtu akamwagiza kitu: huyu simu, huyu viatu, huyu amtafutie mwanawe kazi huko. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza, "Wewe mwenyewe unakwenda kufuata nini?"

Miezi minne ikaisha, akarudi na sanduku la zawadi. Tukafurahi. Alipofika chuoni kwake akaambiwa kwamba masomo aliyosoma kule hayahesabiwi, kwa kuwa hayakukubaliwa kabla ya safari. Ikabidi arudie muhula mzima. Baadaye alituambia kwamba kule alikuwa akila mara moja kwa siku, ili apate pesa za kununua vile viatu. Jameni, tuliona aibu. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Lakini yule hakutembea bure, alitembea na mbuzi wetu!

Sasa tutazame mfano wa karibu. Hapa Ihithe alitoka msichana aliyesoma kwa masista kule Mathari, kisha Loreto Limuru. Mwezi wa Septemba 1960 alipanda ndege kwenda Marekani, katika mpango wa akina Tom Mboya wa kuwapeleka vijana kusoma. Huyo ni Wangari Maathai. Yeye hakukaa muhula mmoja, alikaa zaidi ya miaka mitano, lakini funzo ni lile lile.

Katika chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, alisoma biolojia, na pamoja nayo kemia na Kijerumani. Kisha akaenda Pittsburgh kwa shahada ya pili. Mwaka 1966 akarudi Kenya kuanza kazi aliyoahidiwa. Alipofika akaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Hebu fikirini uchungu huo! Lakini ujuzi wa hadubini alioupata Pittsburgh ndio uliomfungulia mlango mwingine, kwa profesa Mjerumani aliyekuwa akifundisha Nairobi. Na mwaka 1967 alipokwenda Ujerumani kwa utafiti, kile Kijerumani cha Kansas kilipata kazi. Mwaka 1971 akapata udaktari, mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Tunaona nini hapo? Kazi uliyoahidiwa inaweza kupewa mwingine. Ujuzi ulio mikononi mwako haupewi mwingine. Kwa hivyo kijana aweke malengo juu ya yale atakayoyafanya yeye, si juu ya yale anayotumaini kupewa.

Basi kijana, wiki chache kabla ya safari, chukua daftari uandike mambo manne.

Kwanza, masomo. Utasoma nini huko, na chuo chako kimekubali kwa maandishi kwamba yatahesabiwa? Usiondoke bila karatasi hiyo.

Pili, ujuzi mmoja. Usiandike "nitajifunza mengi". Hilo halipimiki. Andika, kwa mfano, "kufikia wiki ya sita niweze kununua mboga na kuuliza njia kwa lugha ya huko." Kama wazazi wako ni wakulima wa kahawa, andika, "nitaingia maduka matatu nione kahawa inauzwaje, bei gani, na mfuko unasema imetoka wapi." Hilo halihitaji pesa, na hapa nyumbani huwezi kulifanya.

Tatu, watu. Ukikaa na Wakenya wenzako peke yao, kula ugali na kulalamika baridi, utakuwa umebaki Nyeri. Jiwekee kumtembelea mwalimu mmoja kila wiki mbili, na kupata rafiki mmoja mwenyeji.

Nne, pesa na afya. Andika chakula chako kwanza. Soma masharti ya viza juu ya kazi, kwa maana viza nyingi za wanafunzi zinaweka mipaka. Usiahidi kutuma pesa nyumbani.

Katikati ya muhula fungua daftari tena. Lengo lililoshindikana lipunguze, usilifiche. Ukishikwa na upweke, usidhani umeshindwa. Wengi hushikwa.

Na sisi tuliochanga tunayo kazi yetu. Malengo haya ni ya kijana, si yetu. Tusimwandikie. Tumwombe atusomee kabla ya kuondoka, halafu tuseme wazi mbele ya watu wote: hatutaki viatu. Akirudi, atupe jioni moja tu, atueleze alichokiona, tumwulize maswali tukinywa chai. Hiyo ndiyo zawadi yetu.

Mkirudi kwenye vikundi vyenu, zungumzeni maswali haya matatu. Je, kijana wa mwisho tuliyemchangia, tulimwuliza lengo lake? Tulimbebesha mzigo gani usio wake? Na yule atakayefuata, nani kati yetu ataketi naye na daftari kabla ya siku ya harambee?